Pampu imeungua, nani alipe? Mwongozo kwa mpangaji na mwenye nyumba

Swali hili linanifikia kila mara, wakati mwingine kwa simu ya usiku: "Hita ya bafuni imekufa, mwenye nyumba anasema nimeiua mimi. Nifanyeje?" Wiki inayofuata ni pampu ya maji, baada ya hapo kiyoyozi. Nimepanga nyumba Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa nasimamia nyumba ya wapangaji ya familia yetu, kwa hiyo ugomvi huu nimeukalia pande zote mbili. Majibu ninayotoa ni yaleyale. Nimeona niyaweke pamoja, uyafuate hatua kwa hatua.

Ninayoyasema yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na vyombo vyake vya kusikiliza migogoro.

Kabla ya yote, elewa mahali ulipo. Huku kwetu kodi hulipwa mbele: miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima. Friji ikifa mwezi wa pili, kodi yote iko kwa mwenye nyumba na wewe huna cha kuzuia. Ndiyo maana ushauri wa "mkatie kodi mpaka atengeneze" haukusaidii. Kinachokusaidia ni maandishi uliyoyaweka mapema, na ile siku ya kulipa kodi nyingine.

Uwe na nini mkononi

- Nakala ya mkataba wako, hata kama ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono.
- Orodha ya vifaa vya nyumba iliyosainiwa na pande zote mbili (hatua ya 1).
- Picha na video za vifaa hivyo, zenye tarehe.
- Simu yenye meseji zako zote na mwenye nyumba. Usifute hata moja.
- Daftari dogo la tarehe: lini kimeharibika, lini umetoa taarifa, nani alikuja, alisema nini.
- Risiti za kodi na za mafundi. Kama fundi hana kitabu cha risiti, karatasi yenye jina lake, namba yake, kazi aliyofanya, kiasi na sahihi inatosha kuanzia.
- Jina la mwenye nyumba halisi. Wengi wanamjua dalali na msimamizi tu, mwenye nyumba hawajawahi kumwona.

Kuhusu dalali: akishachukua kodi yake ya mwezi mmoja, kazi yake imekwisha. Usipoteze wiki mbili unampigia yeye kuhusu pampu.

Hatua ya 1: Andika orodha siku unapoingia

Mali bila daftari huisha bila habari. Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hujashusha hata godoro, pita chumba kwa chumba na mwenye nyumba au msimamizi. Washa kila kitu: feni, taa, soketi, hita, kiyoyozi, friji kama ipo, pampu. Fungua kila bomba. Vuta maji chooni. Andika hivi:

"Kiyoyozi cha sebuleni: kinafanya kazi, kinapoza. Hita ya bafu la wageni: haiwaki. Feni ya chumba kikubwa: inazunguka polepole. Friji: inafanya kazi, lastiki ya mlango imechanika upande wa chini."

Mwishoni weka tarehe, majina na sahihi za wote wawili. Kisha piga video moja ndefu bila kuikatakata, ukitaja tarehe kwa sauti, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Ile meseji ya kutuma video ndiyo muhimu, kwa sababu inaonyesha aliipata na hakuipinga.

Kama umeshahamia miezi mitatu iliyopita na orodha huna, ifanye leo. Mwambie, "Mama, naomba tuorodheshe vitu vya nyumba ili siku nikitoka tusisumbuane." Wenye nyumba wengi wanafurahi kusikia hivyo. Sisi tunaokodisha tunaogopa kuibiwa vifaa kama ninyi mnavyoogopa kusingiziwa.

Kwenye mkataba omba sentensi mbili ziongezwe: nani anatengeneza vifaa vilivyo kwenye orodha vikifa kwa uchakavu, na ndani ya siku ngapi. Sentensi mbili tu.

Hatua ya 2: Zima kwanza

Kifaa kikigoma, kizime ukutani kabla ya kumpigia mtu yeyote. Pampu inayonguruma bila kuzunguka ukiiacha nusu saa inaungua mota, na tatizo la kapasita ya bei ndogo, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, linageuka kuwa kazi ya kusuka upya waya za mota. Hapo mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kwa nini uliiacha ikiwaka.

Ukihisi umeme unakuchonyota ukigusa bomba la bafuni, usioge. Zima swichi kubwa ya nyumba na uwaambie majirani mnaotumia nao bomba. Hita yenye shoti na nyumba isiyo na waya mzuri wa ardhini inaua mtu. Hili halisubiri majadiliano ya nani alipe.

Usifungue kifaa mwenyewe. Kapasita ya pampu au ya kiyoyozi inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Tena ukishakifungua umempa mwenzako maneno: "Wewe ndiye uliyekichokonoa."

Hatua ya 3: Jua ni jukumu la nani

Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamwekea mwenye nyumba wajibu hata kama mkataba wenu umekaa kimya. Mawili yanatuhusu. La kwanza: nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kwa makazi ya binadamu siku unayoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. La pili: pale unapopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu pamoja na sehemu na mitambo ya matumizi ya pamoja vinatunzwa na mwenye nyumba. Pampu inayopandisha maji ya wapangaji sita, tangi la juu na taa ya ngazi ni vitu vya pamoja. Haviwi vyako kwa sababu wewe ndiye unayekaa karibu navyo.

Kifungu cha 89 kinageukia kwa mpangaji. Utunze nyumba na uirudishe ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi na ajali ambazo hazikutokana na uzembe wako. Umruhusu pia mwenye nyumba kuingia kukagua kwa wakati unaofaa.

Friji na kiyoyozi sheria haivitaji kwa majina. Kwa vifaa vya namna hiyo kinachoamua ni mkataba, orodha, na sababu ya kuharibika. Maswali ninayouliza mimi ni matatu: Kifaa kilikuwemo kwenye orodha? Kimekufa kwa uzee au kwa mkono wa mtu? Kilikuwa na tunzo ndogo ndogo ambayo mpangaji angeweza kuifanya na hakuifanya?

Tuvipitie vifaa.

*Pampu ya maji.* Inanguruma haizunguki: mara nyingi ni kapasita, au chuma kimeshika kutu ndani kwa kukaa muda mrefu bila kuwashwa. Huo ni uchakavu, ni wa mwenye nyumba. Lakini kama tangi la chini lilikuwa kavu siku za mgao wa maji na mtu akawasha pampu akaenda kazini, imeungua kwa kuzungushwa bila maji. Hapo aliyewasha ana neno la kujibu. Mwenye nyumba naye aulizwe kwa nini hakuna boya la kuizima pampu yenyewe maji yakiisha. Boya ni kitu kidogo na linaokoa pampu nzima. Nyumba yetu tulilifunga baada ya kuunguza pampu mbili, na mpaka leo najuta hatukulifunga kabla ya ile ya kwanza.

*Hita ya maji.* Maeneo mengi ya Dar es Salaam yanayotumia visima, hasa karibu na bahari, maji yana chumvi. Chumvi inaganda kwenye koili ya kupashia mpaka inapasuka. Hakuna mpangaji anayeweza kulizuia hilo. Ni la mwenye nyumba, isipokuwa mkataba umesema wazi kwamba hita ni juu yako.

*Kiyoyozi.* Kusafisha vichujio vya mbele ni kazi ya anayekitumia: unavichomoa, unaviosha kwa maji, unavikausha, unavirudisha. Servisi ya miezi kadhaa mkubaliane kwenye mkataba; wengi humwachia mpangaji. Ila fundi akikuambia "gesi imeisha", simama hapo. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya kupikia, inazunguka ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua kuna mahali panavuja. Anayekujazia bila kutafuta tundu atarudi tena na utalipa tena. Tundu la bomba ni la mwenye nyumba, labda wewe uwe umekihamisha kiyoyozi.

*Friji ya mwenye nyumba.* Kompresa imekufa kwa uzee: yake. Umechokonoa barafu kwa kisu ukatoboa bomba: yako, na kuwa mkweli mapema. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu ukaiunguza: hapa ndipo watu wanaposhikana mashati. Mimi naona mwenye nyumba anayeweka friji aweke na friji gadi, kile kifaa kinachoikatia umeme ukipanda au kushuka. Asipoweka, hasara ya umeme kupanda na kushuka ni yake. Kama umeme huo uliunguza vitu vya mtaa mzima, toeni taarifa TANESCO (shirika la umeme) siku hiyohiyo na mwandike namba ya taarifa.

*Soketi, swichi na breka.* Breka inayoruka kila ukiwasha pasi na jiko la umeme kwenye soketi moja haijaharibika. Inafanya kazi yake, punguza mzigo. Lakini soketi inayotoa harufu ya kuungua ukiwa umechomeka chaja tu, waya za ukutani zimechoka. Ni za mwenye nyumba, na ni za haraka.

*Mita ya LUKU.* Hii ni mita ya umeme wa kulipia kabla, na ni mali ya TANESCO. Asiiguse mpangaji, asiiguse mwenye nyumba, wala fundi wa mtaani.

Balbu, betri za rimoti, mpira wa bomba uliochakaa, kichwa cha bafu: lipa tu, usimpigie mtu simu. Mwenye nyumba anayesumbuliwa kwa balbu hatapokea simu siku ya pampu.

Hatua ya 4: Toa taarifa kwa maandishi, siku hiyohiyo

Piga simu, ndiyo, ni adabu. Lakini ukikata simu, andika. Meseji ya kawaida au WhatsApp inatosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hii kupokelewa kama ushahidi. Mfano:

"Shikamoo mama. Mimi mpangaji wako wa chumba cha uani. Leo Jumanne saa 12 asubuhi pampu imegoma kupandisha maji, inanguruma lakini haizunguki. Nimeizima isiungue zaidi. Tangi la juu limebaki na maji kidogo na tuko kaya nne. Naomba umtume fundi wako, au uniruhusu nimwite fundi aikague, na gharama ya ukaguzi nitakutajia kwanza. Video nimekutumia. Asante mama."

Angalia yaliyomo: siku na saa, dalili, ulichofanya kuzuia uharibifu, athari kwa wakazi, na ombi lenye njia mbili. Hakuna lawama wala "ninyi wenye nyumba mna tabia". Lawama inamfanya mtu ajitetee, akijitetea hatumi fundi.

Onyo: usitoe taarifa kwa kumwambia mtoto wake au shamba boi na ukahesabu kuwa umemaliza. Siku ya kuulizwa, mtoto hakumbuki.

Muda wa kusubiri ninaoutumia mimi: hatari ya umeme au maji yaliyokatika kabisa, siku moja kupata jibu na tatu kupata fundi. Hita, kiyoyozi, friji, wiki moja hadi mbili. Huu ni utaratibu wangu. Kama mkataba umetaja siku, fuata mkataba.

Hatua ya 5: Fundi akague, aandike, ndipo atengeneze

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyoniumiza mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanga, pampu ya nyumba nzima iliungua siku ya Ijumaa. Nilikuwa na pesa kidogo, nikamwita fundi, nikalipa taslimu, maji yakatoka, majirani wakanishukuru. Jumatatu nikamwendea mwenye nyumba anirudishie. Akaniuliza swali moja: "Nani alikutuma?" Sikuwa na meseji wala risiti, kifaa kibovu fundi alikwenda nacho. Sikulipwa hata shilingi, na kwa kweli siwezi kusema alinidhulumu, maana hakuwa na namna ya kujua nilitengeneza nini.

Kwa hiyo:

1. Mpe mwenye nyumba nafasi ya kuleta fundi wake kwanza. Akimleta, mfungulie mlango. Ukimkatalia bila sababu, kuchelewa kunakuwa kosa lako.
2. Kama umeruhusiwa kuleta wako, mtafute anayefahamika. Kwa kazi ya waya za nyumba, tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.
3. Aandike mistari mitatu: kimeharibika nini, kwa sababu gani, na gharama, akitenganisha vifaa na ufundi. Ule mstari wa sababu una thamani kuliko yote. "Kapasita imekufa kwa uchakavu" na "mota imeungua kwa kuzunguka bila maji" ni kesi mbili tofauti kabisa.
4. Piga picha kifaa kibovu kikiwa kimefunguliwa.
5. Baada ya kazi, dai kifaa cha zamani ukitunze. Usikubali "nitakwenda kukitupa".
6. Gharama ikiwa kubwa, mlete fundi wa pili. Nimeona mota ikihukumiwa kifo na fundi wa kwanza, wa pili akabadilisha kapasita, ikafanya kazi miaka miwili zaidi.

Hatua ya 6: Malizaneni kuhusu pesa kabla pesa haijatoka

Njia ni tatu: mwenye nyumba amlipe fundi moja kwa moja, ambayo ndiyo bora, wewe ulipe akurudishie kwa simu, au ulipe, ikatwe kwenye kodi ijayo. Njia ya tatu ndiyo ya kawaida mtaani, na ndiyo yenye ugomvi, kwa sababu kodi ijayo iko mbali na binadamu anasahau. Andika:

"Mama, kama tulivyoongea kwenye simu saa 4 asubuhi: umeniruhusu nilipe shilingi 85,000 za kutengeneza pampu, vifaa 55,000 na ufundi 30,000. Pesa hiyo itakatwa kwenye kodi ya kuanzia mwezi wa saba. Naomba unijibu 'nimekubali' ili fundi aanze."

Subiri lile jibu. Akikujibu kwa kupiga simu, mwambie kwa upole, "Sawa mama, naomba uniandikie neno moja tu kwa kumbukumbu." Siku ya kulipa kodi, risiti ionyeshe kodi kamili, makato, na sababu ya makato. Usikubali risiti ya kiasi kidogo bila maelezo. Mwakani itasomeka kwamba unadaiwa.

Onyo: usikate kodi kwa uamuzi wako peke yako, hata kama haki iko kwako. Ukishakata, mazungumzo yanahama kutoka "pampu imekufa" hadi "mpangaji hajalipa", na kwenye kutolipa kodi sheria inampa mwenye nyumba nguvu nyingi.

Kama kosa ni la pande mbili, gawaneni. Nimesuluhisha hita moja kwa mwenye nyumba kununua koili na mpangaji kulipa ufundi. Wote walinung'unika kidogo, jioni maji yakawa ya moto.

Hatua ya 7: Asipojibu, panda ngazi taratibu

Baada ya meseji mbili bila jibu, andika barua ya ukurasa mmoja. Taja mkataba na tarehe yake, tatizo, tarehe za taarifa ulizotoa, alichosema fundi, unachoomba, na siku ya mwisho ya kujibiwa, tuseme siku 14. Nakala mbili. Akipokea, asaini ya kwako. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya mjumbe wa mtaa wenu, naye mjumbe aandike kwamba alishuhudia.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa si hakimu na hawezi kumlazimisha mtu alipe, lakini anaweza kuwaita mkae meza moja, na kwa uzoefu wangu migogoro mingi ya vifaa inaishia hapo. Wenye nyumba wengi wanajali heshima yao mtaani. Nenda na daftari na barua, usiende na hasira wala kundi la wapangaji wanaopiga kelele. Mkifikia makubaliano yaandikwe, yasainiwe, yagongwe muhuri, na kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya 8: Mabaraza

Ikishindikana mtaani, anza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, halitoi tena hukumu. Lina siku 30. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila hati hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza, isipokuwa siku 30 zikiwa zimepita bila usuluhishi. Watu wengi wanakwenda wilayani moja kwa moja, wanarudishwa, na nauli imeshaliwa.

Kabla ya kufika huko kagua mkataba wako kwa jambo ambalo halisemwi sana: ushuru wa stempu. Muhuri wa serikali ya mtaa au wa wakili sio stempu. Mkataba wa pango hulipiwa ushuru Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe. Kwa kodi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, mwaka ni 2,400,000, ushuru ni 24,000. Ulipe mapema, ukichelewa kuna adhabu juu yake.

Pima pia kama inafaa. Kwa feni ya bei ndogo, usiende barazani, nunua feni yako na uondoke nayo siku ya kuhama. Kwa pampu ya nyumba nzima, waya zenye shoti, au dai la laki kadhaa, nenda. Huna uwezo wa wakili? Waulize kwenye ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na wanasaidia bila malipo.

Ukikwama

*"Sina mkataba wa maandishi kabisa."* Una upangaji, ila una kazi zaidi ya kuuthibitisha. Kusanya miamala ya simu uliyolipia kodi, meseji, na mjumbe anayekujua. Kisha omba mkataba kabla ya kulipa kodi ijayo. Siku hiyo ndiyo una sauti, itumie.

*"Ananiambia kama sitaki nihame."* Usijibu siku hiyo. Kesho yake andika kwamba unaendelea na mkataba wako na unasubiri matengenezo. Muda uliolipia ni wako. Akitaka uondoke kabla ya muda, kuna utaratibu wa notisi ya maandishi.

*"Amekata maji, au ameng'oa fyuzi, ili nitoke."* Piga picha, mwite mjumbe aje aone kwa macho, nenda serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Kama kuna vitisho au mlango umefungwa kufuli na vitu vyako viko ndani, nenda polisi. Usivunje kufuli mwenyewe.

*"Mwenye nyumba amefariki, watoto wanagombana, kila mmoja anadai kodi."* Uliza nani ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi na uone barua yake. Taarifa za matengenezo mpe huyo. Kabla hajateuliwa, andikia familia yote kwenye ujumbe mmoja na usimpe mtu pesa bila mashahidi.

*"Wapangaji wenzangu hawataki kuchangia pampu."* Hawapaswi kuichangia kama imekufa kwa uchakavu. Andikeni taarifa moja, msaini wote. Mkiamua kuchanga ili maji yatoke leo, andikeni nani ametoa kiasi gani, na mumtumie mwenye nyumba orodha hiyo kabla ya fundi kuanza, ili kila mmoja akatiwe cha kwake.

*"Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU?"* Si kifaa, ila mnaiuliza sana. Ni kodi ya mwenye jengo, inayokusanywa kupitia umeme tangu mwaka 2021. Nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Jumlisha ulizokatwa, mwonyeshe meseji za LUKU, mkubaliane zipunguzwe kwenye kodi yako, kwa maandishi kama ile ya pampu.

*"Nahama, anataka nilipe friji nzima."* Toa orodha ya siku uliyoingia na video. Pitieni kifaa kimoja kimoja. Kilichopungua kwa umri wake ni uchakavu wa kawaida na hudaiwi. Ulichovunja, lipia kukitengeneza, au thamani ya kitu kilichotumika, si bei ya kipya dukani. Msaini karatasi ya makabidhiano, piga video nyingine ya nyumba ikiwa tupu, rudisha funguo mkononi mwake au kwa mjumbe, na uandike saa uliyozirudisha.